Dada Zetu Wanaotoka Gerezani

 

Ndugu zangu Waislamu, neno langu leo ni juu ya dada zetu walioko magerezani hapa Uingereza. Yako magereza mawili ya wazi ya wanawake: East Sutton Park, huko Kent, na Askham Grange karibu na York, lililofunguliwa mwaka 1947. Mwanamke anayekaribia kumaliza kifungo hufundishwa kazi humo. Kent wana hata shamba na mifugo. Akiaminika, hupewa ruhusa ya kutoka asubuhi kwenda kazini, jioni akarudi. Hupewa pia siku za kulala nyumbani, awazoee tena wanawe.

Alale nyumba ipi, ikiwa jamaa zake hawapokei simu zake? Mwaka 2014 Sofia Buncy na Ishtiaq Ahmed wa Bradford waliandika habari za wanawake wa Kiislamu waliofungwa, na namna wanavyotengwa kwa jina la heshima ya ukoo. Nasi Waswahili tusijitoe. Kijana wa kiume akifungwa twasema ni mtihani, na akitoka anapikiwa pilau. Binti akifungwa, watoto wake wanaambiwa mama kasafiri, na akirudi hata harusini haalikwi.

Mnakijua kisa cha yule mwanamke wa ukoo wa Bani Makhzum aliyeiba wakati wa kufunguliwa Makka. Sahaba Usama alikwenda kumwombea asamehewe, Mtume (s.a.w.) akakasirika, na hukumu ikapita. Hapo ndipo wengi wetu tunapokomea kusimulia. Lakini Bibi Aisha (r.a.), mkewe Mtume, ameeleza yaliyofuata: yule mwanamke alitubu toba njema, akaolewa, na alikuwa akija kwa Bibi Aisha na haja zake, naye Bibi Aisha akizifikisha kwa Mtume. Alikuwa na mlango wa kubisha, na mlango wenyewe ni wa nyumba ya Mtume! Sisi heshima zetu zimezidi za nyumba ile?

Tazameni pia anachotoka nacho: kwa miaka mingi posho ya mfungwa anayeachiwa ilikuwa pauni 46. Mwaka 2021 ikapandishwa hadi 76. Kodi ya chumba mnaijua. Na mwajiri akiuliza kama amewahi kuhukumiwa, akisema kweli mara nyingi anakosa kazi.

Wenye mikahawa, maduka na saluni mko humu msikitini. Mwanamke aliyeko gereza la wazi mnaweza kumwajiri kabla kifungo hakijaisha, kwa kupitia wakuu wa gereza, mkaiona kazi yake. Mlipeni sawa na wengine, na kosa lake lisigeuzwe maneno ya jikoni.

Kina mama wa kamati, mwandikieni imamu anayehudumia gereza, mumuulize nani hana wa kumtembelea. Aliye na kazi au chumba, anione baada ya swala.