Ruta Moja, Milango Imefungwa

Kijana mwenzangu, fikiria nyumba moja hapa Ufukoni, Mtwara: kompyuta mbili, ruta moja, ila faili haliendi. Mara nyingi ruta haina kosa. Windows imeambiwa mtandao huu ni wa umma, kwa hiyo kompyuta inajificha. Ubadilishe uwe mtandao binafsi, washa sehemu ya kushirikisha mafaili, kisha ipe folda ruhusa: kusoma tu, au hata kubadilisha.

Je, kujifunga ni ubinafsi? Hapana. Kwenye waifai ya stendi ni busara. Kosa ni kumchukulia ndugu yako kama mpita njia. Wakristo wa kwanza walishirikiana mali zao (Mdo 2:44), tena kwa hiari. Kukaa nyumba moja hakutoshi, mpaka mtu aamue kufungua. Nani kwenu bado anabisha hodi moyoni mwako?