Tusimwache Mwenzetu Njiani



Ninyi wa Mutwanga mwaamka kila siku mbele ya mlima Ruwenzori, ambao kilele chake, Margherita, kina meta 5109. Mwajua kwamba njia ya mlima haifai kwa mtu peke yake: mmoja huongoza, mwingine hubeba mzigo, naye mchovu hungojewa.

Sikieni sasa habari ya Afrika ya Kusini. Vic Clapham alikuwa askari katika Vita Kuu ya 1914–1918, akapigana huku Afrika ya Mashariki. Ili wenzake waliokufa wakumbukwe, alianzisha mbio za vilimani, karibu kilometa 90, kutoka Pietermaritzburg mpaka Durban. Tarehe 24 Mei 1921 walianza watu 34. Wakafika 16 tu. Mbio hizo zingaliko. Zaitwa Comrades, maana yake Wenzi. Na mara nyingi mkimbiaji humshika mkono mwenzake aliyelegea, ijapokuwa yeye mwenyewe anachelewa.

Nasi je? Safari ya Ubatizo nayo ni ndefu. Tangu mwaka 2014 mauaji katika nchi ya Beni yamewafukuza wengi vijijini mwao, na mtu aliyekimbia huacha hata mafundisho. Akirudi mmoja wao, msimcheke kwa kuwa amesahau sala. Mketisheni kati yenu, mkamkumbushe polepole. Mtume Paulo aliwafundisha Wagalatia kuchukuliana mizigo. Na Mungu, aliyemwuliza Kaini habari za ndugu yake, atatuuliza sisi pia.