Usiwahesabu Usiku wa Kufungwa

Mwanangu, timu yako ikifungwa, ngoja kupambazuke ndipo useme. Nitalieleza hili polepole, ingawa najua una haraka. Vijana wa siku hizi mnapata matokeo kabla mwamuzi hajaitoa filimbi mdomoni. Mkeka ukichanika tu, papo hapo mnaanza kutaja nani afukuzwe, nani hana faida, kocha gani arudi kwao. Sikulaumu. Na mimi nilikuwa hivyo, tena bila simu ya kunichochea.

Sikiliza habari ya timu moja ya chuo, mbali sana na hapa kwetu Karatu. Niliipenda kwa sababu ya mtoto wetu mmoja, Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akasoma Makongo, na mpira wa kikapu akaanza kuucheza akiwa na miaka kama 15. Baba yake alikuwa ameshafariki. Akapata nafasi ya kumalizia sekondari Houston, Marekani, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Urefu wake ni mita 2.21.

Wakati huo nilikuwa dereva wa watalii. Kila siku nilipanda kutoka Karatu mpaka lango la Lodoare, nikaingia kreta ya Ngorongoro, jioni nikashuka. Wageni wa Kimarekani waliniuliza habari za Hasheem utadhani ni jirani yangu. Nami nilijibu kwa fahari, utadhani kweli ni jirani. Ndivyo nilivyoanza kuifuatilia timu ile.

Hapa kwetu ukitaja NCAA, kila mtu anajua ni Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kule Marekani herufi hizohizo ni za chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Mashindano yao makubwa huchezwa Machi na mwanzo wa Aprili, na ni ya mtoano. Ukifungwa mara moja, unafunga mabegi. Hakuna marudiano wala kusubiri pointi za wengine. Kwa hiyo kufungwa kwao kunauma kuliko huku kwetu kwenye ligi.

Mwaka wa kwanza wa Hasheem timu ilishinda mechi 17 na kufungwa 14. Mashindano ya Machi wakayatazama kwenye televisheni. Mwaka wa pili waliingia, wakatolewa mechi ya kwanza kabisa na chuo cha San Diego, 70 kwa 69, tena katika muda wa nyongeza. Mechi hiyohiyo mwongoza mchezo wao, A.J. Price, akaumia goti vibaya. Watu walidhani Hasheem angeondoka kutafuta fedha. Hakuondoka. Alirudi mwaka wa tatu, na Price naye akarudi na goti lake lililotibiwa.

Na mwaka huo wa tatu, mwanangu, walikuwa na kikosi. Price akiongoza mchezo. Jeff Adrien chini ya pete, mwenye kifua kipana. Stanley Robinson mwenye kuruka. Craig Austrie aliyetulia. Jerome Dyson, mlinzi mkali wa pembeni. Na akitokea benchi kulikuwa na mtoto wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, New York, jina lake Kemba Walker, mfupi kuliko karibu wote. Kocha alikuwa Jim Calhoun, mzee mkali aliyekwisha kuwapa ubingwa mara mbili, 1999 na 2004. Februari 2009 walikuwa namba moja Marekani nzima.

Kisha mambo yakaanza kulegea, na ukifuatilia utaona yalilegea wapi. Goti la Dyson likaumia Februari hiyohiyo, msimu wake ukaishia hapo. Siku chache baadaye, tarehe 16, wakafungwa na Pittsburgh, 76 kwa 68. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Hasheem, anatimiza miaka 22. DeJuan Blair, mfupi kuliko yeye kwa kiasi cha sentimita 20, alichukua ribaundi 23, na walipogombania mpira mmoja akampitisha juu ya bega lake na kumwangusha sakafuni. Hasheem alimaliza na pointi 5. Picha ile ilizunguka dunia. Huku kwetu ilifika pia, na wapo waliocheka.

Machi wakakutana na Syracuse jijini New York. Muda wa kawaida ukaisha sare. Ukaongezwa muda, sare. Ukaongezwa tena. Mara sita, mwanangu. Connecticut waliongoza katika nyongeza zote tano za kwanza na kila mara wakafikiwa. Ya sita wakaishiwa nguvu, wakafungwa 127 kwa 117. Kule ilikuwa imepita saa saba usiku, sisi huku ni Ijumaa asubuhi na chai tumeshakunywa. Mgeni mmoja aliyepata habari kwa simu alinisimulia njiani, naye hakuwa amelala.

Pamoja na hayo yote walifika nusu fainali ya taifa. Ilichezwa Detroit, tarehe 4 Aprili 2009, mbele ya watu zaidi ya 72,000. Wapinzani wao Michigan State walikuwa karibu kabisa na nyumbani, katika jimbo ambalo viwanda vya magari vilikuwa vinapunguza watu kila wiki, na uwanja mzima ulikuwa wao. Huku kwetu ilikuwa saa saba usiku na mvua ya masika inanyesha. Nilitazama kwenye chumba cha wafanyakazi cha hoteli moja, nikiwa na walinzi na mpishi mmoja.

Michigan State walikimbia. Sisi watu wa Karatu tunajua maana ya kukimbizwa. Filbert Bayi, aliyezaliwa hapa hapa, mwaka 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1500 mwanzo mpaka mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2, na waliokuwa nyuma yake wote walijua kukimbizwa ni nini. Usiku ule Hasheem ndiye aliyekimbizwa. Mtu wa mita 2.21 akishafunga upande mmoja, anatakiwa arudi upande wa pili kabla ya mtu wa mita 1.83, na hawezi kila mara. Alijitahidi. Alifunga pointi 17. Lakini kocha wa wenzao, Tom Izzo, alikuwa akibadilisha wachezaji, anaingiza wenye pumzi mpya. Korie Lucious, mtoto wa mwaka wa kwanza, akaingia na kupiga mitupo ya pointi tatu. Connecticut walipotazama benchi lao, Dyson hakuwepo. Wakafungwa 82 kwa 73.

Asubuhi yake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Nilienda kanisani sijalala, tawi mkononi, na moyoni nimejaa hukumu. Nilikuwa nimeshapanga nani alaumiwe. Price amechoka. Robinson hana akili ya mchezo. Hasheem ni mlaini. Yule mtoto mfupi wa Bronx hajui kutupa, wamwache. Yote hayo niliyasema kwa sauti nje ya kanisa, mbele ya vijana waliokuwa wananiheshimu.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana ubaya wa maneno yale haukuishia Connecticut.

Hapa Karatu tulikuwa na kiwanja cha zege chenye pete mbili, moja imepinda. Jumamosi vijana walikusanyika, wa sekondari, wa gereji, na wachache waliokuwa wakisubiri msimu wa watalii ufunguke. Kwa kuwa nilikuwa mkubwa na nilijua habari za Hasheem, waliniachia nipange kikosi. Nami nilikipanga kwa urefu. Mrefu ndani, mfupi benchi. Kulikuwa na kijana mfupi aliyetoka upande wa Endabash. Alikuja na raba zake mkononi ili zisichakae barabarani, akazivaa kiwanjani. Alikuwa na macho ya kuona pasi kabla ya wengine. Nilimwingiza dakika za mwisho tu, tukiwa tumeshazidiwa. Wiki ile baada ya Detroit tulifungwa na vijana wa Mto wa Mbu, nami nikiwa bado na hasira za timu ya watu, nikamtaja yeye mbele ya wenzake kwa mpira mmoja aliopoteza. Alivua raba zake, akaziweka begani, akaondoka. Hakurudi tena, nami sikumfuata.

Sasa tazama kilichotokea kwa waliobaki kule Connecticut. Hasheem, Price na Adrien waliondoka. Mwaka 2010 timu ilishinda 18 na kufungwa 16, wala haikuingia kwenye mashindano makubwa. Ningekuwa na simu kama yako, ningekuwa nimeshawazika. Mwaka 2011 walimaliza nafasi ya tisa katika ligi yao ya Big East. Nafasi ya tisa! Kisha yule mtoto mfupi wa Bronx, Kemba Walker, sasa yuko mwaka wa tatu, akawashika mkono wenzake. Wakashinda mechi tano kwa siku tano New York. Wakaendelea kushinda. Fainali wakawafunga Butler 53 kwa 41, wakawa mabingwa wa taifa, na Kemba akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho. Na shahada yake aliichukua mwaka huohuo. Alikuwepo pia Donnell Beverly, aliyekuwa katika kile kikosi cha 2009 bila mtu kumtazama sana. Alikaa miaka minne, naye akawa bingwa.

Tarehe ilikuwa 4 Aprili 2011. Miaka miwili kamili tangu Detroit. Mahali ni Houston, mji aliosomea Hasheem sekondari, na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa mchezaji wa Houston Rockets.

Najua utaniuliza habari za Hasheem. Watu wa rika lako mmezoea kumcheka, na hilo silipendi. Juni 2009, timu za ligi ya kulipwa ya NBA zilipochagua wachezaji wapya, alichaguliwa wa pili nchi nzima, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Hakuna Mtanzania aliyemtangulia kucheza NBA. Msimu wa kwanza haujaisha, timu yake ya Memphis ikamshusha kwenda ligi ya chini akapate dakika za kucheza. Baadaye akapita Houston, Portland na Oklahoma City, halafu Japani na Taiwan. Watu wanasema alishindwa. Mimi nasema fikiria: wenzake walishika mpira wakiwa na miaka mitano, yeye alianza na 15. Ndani ya miaka saba alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa Big East mara mbili. Kama alipungukiwa, alipungukiwa muda, na muda hakunyimwa na uvivu wake. Kijana aliyemwacha mama mjane nyumbani, akiwekewa mamilioni mezani, nani kati yetu angemwambia angoje?

Wewe hujawekewa mamilioni mezani. Kwa hiyo unaweza kungoja.

Mche wa kahawa pale Oldeani unakaa kama miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya maana, na hakuna mkulima anayeung'oa mwaka wa kwanza kwa kukosa buni. Lakini kijana wa miaka 17 tunamng'oa kwa mchezo mmoja. Na nyinyi wenyewe mnajing'oa. Umefeli somo moja, unataka kuacha shule ukapige debe stendi. Hukuitwa kwenye kazi ya hotelini, unasema Karatu haina bahati. Hukupangwa kikosi cha kwanza, unavua raba.

Hata wale vijana wa chuo cha North Carolina waliochukua ubingwa 2009, wakiwafunga Michigan State 89 kwa 72, mwaka uliotangulia walikuwa wamepigwa vibaya na Kansas katika nusu fainali, 84 kwa 66. Watatu kati yao waliandikisha majina kwenda NBA, kisha wakayaondoa. Tyler Hansbrough, nyota wao, naye akabaki kumaliza mwaka wa nne. Walirudi darasani na kwenye mazoezi wakiwa wamebeba aibu ya pointi 18, wakaifanyia kazi mwaka mzima. Hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba wangeshinda. Kumbuka hilo. Wapo wengi waliorudi na bado wakafungwa, na subira yao haikuwa bure, maana walimaliza shule na miili yao ilijua kazi.

Nimesikia timu yenu imefungwa wiki iliyopita, na kwamba mnataka kupanga kikosi upya, mkiwaondoa watatu. Mimi si kocha wenu. Nakuomba mambo mawili tu, mwanangu. Msiwaondoe wiki hii. Na kama kuna aliyeacha kuja kiwanjani kwa sababu ya maneno mliyomwambia, usimngoje arudi mwenyewe. Nenda kwao leo jioni, umwite.