Moto Hauiteketezi Sumu



Wahenga walisema: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni neno la faraja, na aghalabu huambiwa mtu aliyeyaacha maisha yake ya zamani akaingia katika njia ya Mwenyezi Mungu. Walakini wengi hulishika neno hili kwa upande mmoja tu. Hukumbuka ya kwamba yaliyopita si ndwele, wakasahau ya kwamba tumeambiwa tugange. Wala hakuna mganga awezaye kuganga yajayo asipojua ni kitu gani kilichobakia mwilini kutokana na yaliyopita. Ili jambo hili lieleweke vyema, hebu tuitazame ardhi moja iliyo mbali nasi, ambayo ndani yake mna fundisho kwa kila mwenye kutafakari.

Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba 4 cha nguvu za nyuklia huko Chernobyl, katika Ukraine iliyokuwa wakati ule sehemu ya Muungano wa Kisovieti, kilipasuka na kuwaka moto. Miongoni mwa wafanyakazi na wazimamoto waliopambana na msiba ule, watu 28 walikufa mwaka huo huo kwa ugonjwa wa mionzi. Mji wa Pripyat, uliokaliwa na watu wapatao 49,000, ulihamwa siku ya pili yake, na kabla ya mwaka kwisha watu wapatao 116,000 walikuwa wamekwisha ondolewa makwao. Eneo la kilometa za mraba zipatazo 2,600 upande wa Ukraine likafungwa. Moto ukazimwa, na kinu kikafunikwa kwa jengo kubwa la chuma na saruji. Mtazamaji wa juu juu angeweza kusema: Basi, yamekwisha.

Lakini hayakuwa yamekwisha. Vumbi lenye mionzi lilikuwa limekwisha tua juu ya misitu na mashamba. Katika vumbi hilo mlikuwa na seziamu, ambayo kwa tabia yake hufanana na potasiamu, na strontiamu, ambayo hufanana na kalsiamu. Mizizi ya miti huvitafuta vyakula hivyo viwili udongoni, wala haiwezi kupambanua kati ya chakula na sumu inayofanana nacho. Kwa hiyo miti ikainyonya sumu pamoja na chakula chake. Majani yakaanguka, yakaoza polepole, na sumu ikarudi udongoni ili inyonywe tena. Wakati huo huo mashamba yaliyokosa mkulima yakageuka kuwa nyika na misonobari, na majani makavu na miti iliyokufa ikarundikana mwaka baada ya mwaka.

Sasa fikiri, ewe ndugu, litatokea nini cheche ikianguka mahali kama hapo! Moto mkubwa uliwaka katika eneo hilo mwaka 1992, ukawaka tena mwaka 2015. Mwezi wa Aprili 2020 ukawaka moto uliowashughulisha mamia ya wazimamoto, pamoja na ndege na helikopta, kwa majuma kadhaa. Vijiji vilivyohamwa viliteketea, miali ikakikaribia kinu chenyewe, na moshi ukafika hata mji mkuu wa Kyiv. Polisi walimkamata kijana mmoja, wakaeleza ya kwamba alikiri kuchoma majani na takataka kwa kujifurahisha tu, kisha upepo ukauchukua moto wake.

Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Moto huweza kuugeuza mti mzima kuwa majivu, lakini hauwezi kuiteketeza seziamu hata chembe moja. Huinyanyua tu kutoka mahali ilipotulia, ukaipandisha katika moshi na kuitawanya pengine.

Yatupasa tuseme kweli bila kuongeza wala kupunguza, kwani dini imetuamuru tuzipime habari kabla ya kuzieneza. Katika moto wa mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilieleza ya kwamba ongezeko la mionzi hewani lilikuwa dogo sana, wala halikuhatarisha afya ya watu. Kwa hiyo waliotangaza ya kwamba Ulaya yote imeangamia hawakusema kweli. Lakini mzimamoto aliyesimama katikati ya moshi, akivuta pumzi mle mle, yeye hakuwa katika hali moja na mtu aliyekaa mbali.

Kurani Tukufu, katika Sura ya Zilzala, imetufahamisha ya kwamba iko siku ardhi itakapozitoa habari zake, na ya kwamba aliyetenda jema au baya, hata la uzito wa chembe, ataliona. Zamani watu walishangaa: Ardhi itasemaje? Leo wataalamu huuchukua udongo wa Chernobyl wakausoma, nao huwaeleza ni kitu gani kilichomwagika juu yake mwaka 1986. Ikiwa udongo usio na ulimi waweza kuhifadhi habari namna hii, je, nafsi ya mwanadamu itashindwa?

Huenda msomaji akauliza: Je, toba haifuti dhambi? Kwa hakika huifuta, na rehema ya Mwenyezi Mungu haina mpaka. Lakini kusamehewa ni jambo moja, na athari iliyobakia ni jambo jingine. Mtu aliyekuwa akipunja mizani huweza kutubu usiku mmoja, na Mola wake akampokea. Lakini fedha za wale aliowapunja bado zimo nyumbani mwake, nazo ni haki za waja zinazopasa kurudishwa. Aliyekuwa mtu wa matusi na ghadhabu huweza kuingia katika dini leo. Lakini ulimi wake umezoea njia yake ya zamani, na mizizi ya mazoea hainyonyi maji safi peke yake.

Mtu huyo akae kwa amani mwaka mzima, watu wote watamsifu. Kisha jirani yake amguse kwa neno dogo, naye aruhusu ghadhabu iwake. Hapo ndipo atakapoona ya kwamba ghadhabu haikuyamaliza maovu yake ya kale. Imeyanyanyua tu, na moshi wake umewafikia mke na watoto ambao hawakutenda lolote. Wako wasemao ya kwamba kufoka hutuliza moyo. Waiulize ardhi ya Chernobyl kama moto uliisafisha!

Basi dawa ni nini? Kwanza ni kuondoa majani makavu, yaani chuki na visasi vinavyorundikana moyoni. Pili ni kulinda cheche, kwani kijana yule hakukusudia kuchoma msitu. Tatu ni istighfari. Maana ya asili ya neno hili ni kuomba kufunikwa na kulindwa. Mwenye kuleta istighfari kila siku anamwomba Mola wake audhibiti udhaifu uliobakia ndani yake usije ukatoka na kudhuru.

Wala usikate tamaa. Mwenyezi Mungu ameiwekea hata seziamu mpaka wake: kila ipitapo miaka 30 hivi, nusu yake hutoweka. Zaidi ya nusu ya ile iliyomwagika mwaka 1986 sasa haipo tena. Kadhalika maovu ya kale hupungua kwa mtu adumuye katika sala na subira, mradi asiongeze mapya juu yake. Tazama, mwaka 2022 majeshi ya Urusi yaliingia katika eneo hilo kwa muda wa majuma matano hivi, na mabomu yaliyotegwa ardhini yakabakia misituni, hata wazimamoto wakazuiliwa kufika mahali palipowaka. Hivyo ndivyo kosa jipya linavyoifunga njia ya kuliponya la kale.

Kwa hiyo, ewe ndugu uliyeingia katika njia hii hivi karibuni, nawe ambaye ungali mlangoni ukiuliza, usijidanganye ya kwamba kilichofunikwa kimekwisha, wala usiogope ya kwamba kilichobakia hakiponi. Rudisha haki uliyoichukua, ulinde moyo wako usiwake, na umwachie Mola wako kazi ya miaka.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda, atufunike kwa rehema yake, na atulinde tusiwe cheche katika ardhi ya wenzetu. Amin.