Nani Aliwapa Samaki Majina?



Katika mazungumzo ya waalimu wa dini mmoja wao alituuliza swali ambalo hatukuwa na jawabu lake upesi. Alisema, "Mchungaji, twasoma ya kwamba Adamu aliletewa wanyama wa nchi na ndege, naye akawapa majina. Lakini samaki hawatajwi kuwa waliletwa. Basi nani aliwapa samaki majina?" Wenzake wakacheka, nasi tulicheka pamoja nao. Hata hivyo swali lile halikututoka moyoni, maana ndani yake mna neno zito: Mtu akipewa kukiita kiumbe kwa jina, apata haki gani juu yake, na tena apata deni gani? Leo twataka kulifikiri neno hili pamoja nanyi, tukimtazama samaki mmoja wa bahari hii yetu ya mashariki.

Tarehe 22 Desemba 1938 nahodha Hendrik Goosen alirudi na meli yake ya uvuvi katika bandari ya East London, Afrika ya Kusini. Kama ilivyokuwa desturi yake, akampelekea habari Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji ule, aje kutazama kama yumo samaki wa kumfaa. Bibi yule akaona katika fungu la samaki mmoja mkubwa wa rangi ya buluu, urefu wake kadiri ya mita moja na nusu, uzito wake kilo 57, na mapezi yake yametoka kama miguu mifupi yenye nyama. Akatafuta vitabuni, asimwone aliye sawa naye. Wala hakujifanya kuwa ajua, bali alimchora, akamwandikia J. L. B. Smith, mwalimu katika chuo cha Grahamstown. Joto lilikuwa kali, na mahali pa kumhifadhi samaki hapakupatikana, hata sehemu zake za ndani zikatupwa kabla Smith hajafika. Alipofika Februari 1939 alimtambua mara moja. Alikuwa wa ukoo wa silikanti, ambao wenye elimu waliwajua kwa alama zilizobaki katika mawe tu, wakadhani ya kuwa walikwisha kutoweka duniani zamani sana, miaka milioni 66 hivi. Smith akamwita Latimeria chalumnae, kwa heshima ya bibi yule, na kwa kuutaja mto Chalumna, kwa kuwa samaki alivuliwa karibu na mlango wake. Yeye mwenyewe hakujitia katika jina hilo.

Desturi hii ya majina mawili ilithibitishwa na Carl Linnaeus wa Uswidi, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, katika kitabu chake cha mwaka 1758 alichowapangia wanyama wote aliowajua. Jina la kwanza ni kama la ukoo, la pili lamtenga mmoja na ndugu zake. Faida yake ni dhahiri. Samaki mmoja aweza kuitwa hivi na watu wa kisiwa kimoja, na vingine na watu wa kisiwa cha pili. Tena jina moja laweza kushika samaki wawili wasiofanana. Kwa jina la kitabuni mtu wa Tanga na mtu wa Uswidi waweza kusemezana bila kukosana. Kwa hiyo hatuidharau kazi hiyo.

Smith alitamani sana kumpata samaki wa pili aliye mzima. Akaeneza karatasi zenye picha, na ahadi ya paundi 100 kwa atakayempata. Ikapita miaka 14. Ndipo Desemba 1952, katika kisiwa cha Anjouan cha Komoro, ambacho wenyeji hukiita Nzwani, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua kwa mshipi wake. Mwalimu mmoja wa shule akamtambua kwa ile karatasi, na Smith akaja kwa ndege kumchukua. Dunia yote ilistaajabu, lakini wavuvi wa Komoro hawakustaajabu sana, kwa maana samaki huyo walikuwa wakimjua, wakimwita gombessa, wala nyama yake hawakuipenda.

Basi, nani aliyemgundua? Sisi twaona ya kuwa kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Mvuvi alijua ya kwamba samaki yu hai, lakini hakujua ya kwamba mfano wa jamaa zake wamo ndani ya mawe. Mwenye elimu aliyajua mawe, asijue ya kwamba samaki yu baharini, akifika kwenye mshipi wa maskini. Kutokujua si dhambi. Dhambi huanza pale mtu anaposema, "Kabla yangu hapakuwa na ajuaye."

Tena liko fundisho la pili. Samaki yule wa Anjouan alipungukiwa na pezi moja la mgongoni. Kwa sababu hiyo Smith akadhani ni wa namna nyingine, akamwita Malania anjouanae, kwa heshima ya D. F. Malan, waziri mkuu aliyempa ndege ya kusafiria. Baadaye walipopatikana wengine, ikaonekana kuwa ni samaki yule yule wa kwanza, na pezi lilikosekana kwake tu. Jina la mkubwa likaondolewa. Hapo twaiheshimu elimu, kwa kuwa ilikubali kusahihishwa, hata kama jina lilikuwa la mtu mwenye nguvu. Je, sisi tuna moyo huo tunapomwita jirani mvivu au mchawi, na baadaye ikaonekana kuwa tulikosa?

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2003 samaki huyu alipatikana Songo Mnara, karibu na Kilwa, na baada ya hapo wengi wakapatikana katika bahari ya Tanga. Wavuvi hawakuwatafuta, waliingia wenyewe katika majarife yaliyotegwa kilindini kwa ajili ya papa. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ikatenga hifadhi ya bahari huko Tanga kwa ajili yao. Sababu yake ni nzito. Samaki huyu huzaa watoto walio hai, na mwaka 2021 wataalamu walieleza ya kuwa huchukua mimba kadiri ya miaka 5, na kwamba aweza kuishi karibu miaka 100. Mama mmoja akifa wavuni, si hasara ya msimu mmoja.

Lakini yuko na mvuvi, ambaye watoto wake wangoja chungu kiwekwe motoni. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Jina limekuja kutoka mbali, je, mwenyeji amepona? Samaki akiisha kuandikwa kitabuni, hulindwa; mvuvi naye huambiwa asitege. Amri hiyo yaweza kuwa ya haki, nasi twaikubali, ila ni nusu ya haki ikiwa wanaoitoa hawakuketi na wazee wa pwani, na kuuliza watakula nini jarife likitolewa majini. Aliyekipa kiumbe jina amejitwika mzigo wa kukitunza, na mzigo huo haifai kumwachia maskini peke yake auchukue.

Basi, jawabu letu kwa mwalimu yule ni hili: samaki walipewa majina na wale walioshuka baharini kuwatafutia watoto wao chakula, na wenye elimu waliongeza majina yao baadaye. Yote mawili yatufaa. Kwa hiyo twawaomba ninyi waalimu wa pwani, mwaendee wavuvi wazee, mkaandike katika daftari majina ya samaki wanayoyajua, na habari za kila mmoja, pamoja na jina la mzee aliyewaambia. Nanyi wa bara mfanye vivyo hivyo kwa ndege na miti. Wazee wanapungua, na mengi wayajuayo hayajaandikwa po pote.