Bei ya Kubaki

Gari langu ni lile lile, dereva ni mimi yule yule, na barabara ni ile ile ya kutoka Litein kwenda Kericho. Tangu nianze kulikatia bima kamili kwa kampuni moja, sijawahi kudai fidia hata ya kioo cha pembeni. Mwaka huu thamani yake ilikadiriwa kuwa shilingi 800,000, chini ya mwaka jana, maana chuma nacho huzeeka. Nikatozwa asilimia 5, yaani shilingi 40,000, kabla ya tozo ndogo ndogo na shilingi 40 za stempu. Wiki hiyo hiyo binti wa jirani, ambaye wazazi wake walimwongezea pesa za bonasi ya majani chai akanunua gari la aina hiyo na la umri huo, alikata bima kwa kampuni hiyo hiyo, kwa ajenti huyo huyo, kwa asilimia 4. Nilipouliza sababu, ajenti, kijana niliyemfundisha hesabu, alinijibu kwa adabu: “Mwalimu, yule ni mteja mpya.”

Haki, tangu Aristotle, ni kuwatendea sawa walio sawa, na hapo sina ugomvi na mtu. Katika bima, maana yake ni kila mmoja kuchangia kwa kadiri ya hatari anayoileta. Mwenye matatu alipe zaidi yangu, na aliyegonga mara mbili alipe zaidi ya asiyegonga. Vipuri vimepanda na madai ya uongo yapo. Kwa hayo niongezewe, mradi jirani naye aongezewe. Lakini kubaki si hatari. Kampuni haikuona jambo jipya katika uendeshaji wangu. Iliona tabia yangu, kwamba huyu haondoki, ikaipangia bei.

Nilipoyasema hayo kijana akanipa jibu ambalo limeninyima usingizi: “Lakini hakuna aliyekufunga kamba, Mwalimu. Si ungehama?”

Nimelisikia jibu hilo kwa watu wengi wenye akili zao, nami naliona ni baya kwa kila upande. Kwanza, uhuru wenyewe ni wa aina gani? Sheria ya Kenya, Sura ya 405, hairuhusu gari litembee barabarani bila bima ya mtu wa tatu, na ukilinunua kwa mkopo, mkopeshaji atadai bima kamili. Siwezi kukataa kununua; ninachoweza ni kuchagua tu ni nani atakayenitoza.

Halafu nihamie wapi? Nchi hii imeona kampuni za bima zikianguka: United mwaka 2005, Blue Shield 2011, Invesco 2024. Waliozikimbilia walikuwa na stika halali kwenye kioo, na walioumizwa na magari yao walibaki na hukumu za mahakama zisizo na mlipaji. Anayekaa na kampuni inayolipa hakukaa kwa uvivu. Amefanya jambo la busara katika soko lenye mashimo, na ni busara hiyo hiyo inayotozwa asilimia moja zaidi.

Tena tuchukulie kuhama ni rahisi, simu moja tu. Uwezo wangu wa kukwepa jambo haulifanyi kuwa la haki. Anayenidanganya hatakaswi kwa kuwa ningeweza kuziba masikio. Zaidi ya hayo, ushauri huu wa kuhama una kasoro ambayo wanaoutoa hawaigusi: unafaa tu iwapo wengi hawaufuati. Tungehama sote kila mwaka, bei ya mgeni ingetoweka kesho yake, kwa sababu inalipiwa na waliobaki. Nafuu ya binti wa jirani inatoka mfukoni mwangu, na mwa mjane wa Konoin anayelipa anachoambiwa kwa kuwa ajenti alikuwa rafiki wa marehemu mumewe. Anayeniambia nihame ananiambia niondoke kwenye kundi la wanaolipa, nimwache mjane humo.

Hapa nawakumbuka wazee wetu Wakipsigis na kimanagan. Mwenye ng'ombe hakuwaweka wote zizini mwake. Wengine aliwapeleka kwa marafiki wa mbali, ili ugonjwa au wezi wasimmalize kwa siku moja. Aliyewatunza alikunywa maziwa, na ng'ombe wakabaki wa mwenyewe. Ilikuwa bima kamili, bila karatasi wala stempu, na ilisimama juu ya jambo moja tu: kwamba watu wataendelea kujuana. Miaka ya kujuana ndiyo iliyokuwa mali. Ningeweza kuzungumza jioni nzima juu ya mpango ule, namna ulivyozifunga koo na vilima, namna mtu alivyotajirika kwa kuwa na wa kumwamini. Sisi tumejenga bima ambayo kujuana kwa muda mrefu ni gharama kwa upande mmoja na faida kwa upande wa pili.

Uingereza ilikataza kumtoza anayebaki zaidi ya mgeni: tangu Januari 1, 2022, mteja anapolipia upya bima ya gari au nyumba, bei yake haipaswi kupita ile ambayo mteja mpya aliye sawa naye angetozwa. Wanaosema sheria kama hiyo huondoa punguzo la kijana anayeanza maisha wanasema kweli, na binti wa jirani hakunikosea.

Kuna jambo gumu zaidi. Nikishikilia kwamba kubaki si hatari, basi sina haki ya kudai punguzo kwa kubaki, ilhali moyoni nalidai, na kimanagan inaniambia nalidai kwa sababu njema. Kanuni ya hatari na kanuni ya kujuana haziketi pamoja, nami sijaweza kuiacha yoyote. Katiba yetu, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika na anachonunua. Basi barua ya kulipia upya na iandike bei ya mwaka jana, thamani ya gari, na bei ambayo mgeni angepewa asubuhi hiyo. Mjane wa Konoin akiisoma kisha akalipa asilimia 5 kwa ajili ya urafiki wa mumewe, sijui kama bado nitasema ameonewa.