Mali ya Umma, Kitoweo cha Nani?

Ndugu msomaji, usije ukanicheka. Mimi niliyekulia kijijini Kilosa nikikimbizwa na jogoo wa jirani, leo nipo South Dakota, Marekani, na meza yangu imejaa ramani. Napanga safari ya kuwinda, bwana!

Ndege mwenyewe anaitwa fezanti. Ni wa ukoo mmoja na kuku na kwale. Dume lina shingo ya kijani inayong'aa, pete nyeupe na mkia mrefu kama wa bwana harusi. Asili yake ni Asia. Miaka ya 1880 aliletwa kutoka China akafunguliwa porini kule Oregon, baadaye akafikishwa huku, na mwaka 1943 akafanywa ndege rasmi wa jimbo hili. Mwenzangu wa kazini, Mkongomani wa Bukavu, husema, "Ndugu yangu, huyu ndege alipata makaratasi mbele yetu!"

Ndiye tunayekwenda naye. Msimu hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Hatuna shamba wala rafiki mwenye shamba, kwa hiyo tumetafuta kwenye ramani maeneo ya umma: mapori ya serikali, na mashamba ambayo jimbo humlipa mwenyewe ili watu wawinde humo. Gari linabaki nje, mnaingia kwa miguu. Kupiga ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua kuzama. Kila mtu madume matatu kwa siku, majike hayaguswi. Leseni nimenunua kwa simu, nimekaa kitandani, chai haijapoa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba.

Mwaka 2011 mjomba alikamatwa na kanga wawili, aliowanasa kwa mitego ya kamba. Alilala mahabusu mpaka mbuzi wakauzwa, faini ikalipwa. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Wenzangu walipouliza mjomba yuko wapi, nikasema amesafiri. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu: jangili. Neno hilo nilikuwa nimeliandika kwenye insha ya shule, nikapata alama nzuri.

Sasa nauliza: kati yangu na mjomba, tofauti ni nini? Yeye alitafuta kitoweo. Mimi friji yangu ina nyama, naenda kujifurahisha. Yeye alichukua wawili, mimi naruhusiwa watatu. Yeye jangili, mimi mwindaji.

Nisiwe mwongo, tofauti ipo. Dume moja la fezanti hupanda majike wengi, hivyo kuchukua madume hakukaushi kizazi. Mtego wa kamba hauchagui. Unamnasa hata mama mwenye mayai. Kila mtu angefanya kama mjomba, leo tungesimuliana kanga kwa picha. Hata huku, sheria ya mwaka 1937 inapeleka kodi ya bunduki na risasi kwenye kutunza wanyamapori, kwa hiyo kila anayefyatua amechangia. Sheria si adui wa ndege, na wala si adui wa maskini kwa lazima.

Lakini ngoja kidogo. Sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma, wakiwa chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Umma! Neno lile lile lililo kwenye ramani yangu. Basi mjomba hakuwa mmoja wa umma? Alikuwa. Ila mlango wa kuingilia kwenye mali yake mwenyewe ulikuwa mjini, una bei, unataka na bunduki halali. Mimi mgeni niliye na simu na kadi ya benki nimeingia kwa dakika kumi.

Wala usidhani huku wamemaliza. Jimbo hili limebeba jina la Wadakota, wenyeji wa ardhi hii. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Wasioux, ambao Wadakota ni sehemu yao, walipwe fidia kwa milima ya Black Hills waliyonyang'anywa. Wakakataa pesa, wanataka milima yao. Kwa hiyo hata "umma" wa kwenye ramani yangu una watu waliosukumwa nje ya uzio kabla mimi sijafika.

Ndiyo maana naona kosa langu la kidato cha pili halikuwa kuipenda sheria. Lilikuwa kudhani kwamba mwenye karatasi ni mwema na asiye nayo ni mwizi, basi, hadithi imekwisha. Leseni inaniondolea kesi, swali inaniachia.

Nitakwenda, sikufichi. Nitachukua nitakachokula, tena nikinyonyoe kwa mikono yangu. Ila kabla ya Jumamosi hiyo lazima nimpigie simu mjomba. Nimwambie ninakokwenda, na nimwambie lile la "amesafiri", ambalo hajalijua mpaka leo. Najua atacheka kwanza. Kisha ataniuliza, "Sasa mjomba, hao ndege ni wa nani?"

Nimeshajaribu majibu matatu, na yote nikayafuta. Wewe ungemjibuje?